Pikipiki Hazinunuliwi Kama Zamani: Mkulima Afanye Nini Akijiwa na Mwenye Duka

Ukipita mjini Nyeri, au Karatina, au Nanyuki, utaziona pikipiki mpya zimepangwa mbele ya maduka, zimefutwa vumbi, na karatasi ya nailoni bado iko juu ya kiti. Mpaka mwaka 2021 zilikuwa hazikai hapo sana. Siku hizi zakaa, na vijana wa duka wamesimama mlangoni wakiwaita wapita njia.

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya wafanya biashara wa mjini, mimi ni mtu wa ng'ombe na viazi." Sivyo, ndugu mkulima. Mwenye duka asipopata mnunuzi mjini humfuata mnunuzi aliko. Amekwisha kuanza kuja Naro Moru na Endarasha, na huja hasa majira ambayo fedha za chai au za kahawa zimelipwa. Akija, yafaa akukute umekwisha kufanya hesabu. Kwa sababu hiyo nimeandika habari hii, nieleze kwanza biashara yenyewe ilivyo, kisha hesabu zako wewe.

PIKIPIKI ZILIVYOINGIA

Neno bodaboda lilianza na baisikeli huko Busia, mpakani na Uganda, ambako vijana walibeba watu na mizigo kutoka boda moja mpaka boda ya pili. Huku kwetu baisikeli haikuweza kazi hiyo. Mtu aliyepanda kilima cha Othaya na abiria nyuma hawezi kurudia mara mbili kwa siku. Basi tuliendelea kutembea kwa miguu, na maziwa yaliendelea kubebwa kwa punda na kwa kichwa, mpaka pikipiki zilipokuwa rahisi.

Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizoandikishwa Kenya nzima hazikufika 4,000. Karibu na mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zisizozidi saizi 250, na zile za India na China zikaanza kuja kwa wingi. Mwaka 2010 zilizoandikishwa zilipita 117,000. Kila mtu akajua majina: Boxer na TVS kutoka India, Skygo na Haojin kutoka China. Baadaye yakaja makampuni ya mikopo, kama Watu lililoanzia Mombasa mwaka 2015, na kijana asiye na fedha za kutosha akaweza kutoka dukani na pikipiki kwa kutoa malipo madogo ya kwanza. Mwaka 2021 zilizoandikishwa zilifika kama 285,000 kwa mwaka mmoja tu.

Kisha hesabu ikaanguka. Mwaka 2022 haikufika hata nusu ya ile ya 2021, na mwaka 2023 ikashuka tena. Mtu aliyejenga duka lake akitumaini kwamba 2022 itakuwa kama 2021 aliumia sana.

KWA NINI BIASHARA ILIPUNGUA

Sababu ya kwanza ni shilingi. Pikipiki, au vipande vyake vinavyokuja kuunganishwa hapa, hulipiwa kwa dola. Mwisho wa mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama Sh. 113. Januari 2024 ilifika kama Sh. 160. Tuchukue pikipiki ambayo imemgharimu mwenye kuagiza dola 800. Kwa bei ya kwanza ni Sh. 90,400, kwa bei ya pili ni Sh. 128,000. Imezidi Sh. 37,600, na kiwanda kule India hakikuongeza hata senti moja. Katikati ya mwaka 2024 shilingi ilipata nguvu tena, dola ikarudi kama Sh. 129, lakini wengi mmeona kwamba bei ya vitu hupanda kwa mbio na kushuka kwa kusitasita.

Sababu ya pili ni petroli. Septemba 2023 ilipita Sh. 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, na Oktoba mwaka huo ilikuwa Sh. 217 Nairobi, huku mlimani nauli ya lori huongezwa juu yake. Mwendeshaji akitia petroli ya bei hiyo, naye abiria hataki kuongeza nauli, kinachobaki mfukoni ni kidogo. Sababu ya tatu ni riba. Benki Kuu ilikuwa na kiwango cha asilimia 7 mpaka Mei 2022. Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Tangu Agosti 2024 kimekuwa kikipunguzwa kidogo kidogo. Tena kuna ushuru wa bidhaa ulioanza kutozwa pikipiki Desemba 2015, Sh. 10,000 kwa kila moja, nao ukapandishwa baadaye. Na Machi 2022, baada ya waendeshaji kumshambulia mwanamke mmoja barabarani Nairobi, polisi walifanya msako mkali wa bodaboda, na watu wengi waliotaka kununua wakangoja waone mambo yatakavyokuwa.

Hayo yote ni kweli. Walakini kwa maoni yangu iko sababu nyingine kubwa kuliko hizo, ambayo haitaondoka hata petroli ikishuka.

Duka la pikipiki huishi kwa watu wa aina mbili. Aina ya kwanza ni yule asiyewahi kuwa na pikipiki. Aina ya pili ni yule anayeibadili kuukuu kwa mpya. Wakati biashara ilipokuwa ikikua, wengi walikuwa wa aina ya kwanza. Kila kijana aliyemaliza shule alikuwa mnunuzi. Lakini watu hao huisha. Hesabu pikipiki zinazongoja abiria penye njia panda ya kwenu, kisha hesabu abiria wanaoshuka kwenye matatu kwa saa moja. Mahali palipokuwa na waendeshaji watano sasa pana ishirini, na abiria ni wale wale. Mtu wa ishirini na moja akinunua hapati kazi mpya, ila hugawana na wenzake ile iliyopo. Basi duka limebakiwa na aina ya pili, nao hawana haraka. Pikipiki iliyonunuliwa 2021 ikitiwa cheni mpya na mataya mapya, itaenda tena miaka miwili au mitatu.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Japani, nchi yenye viwanda vya Honda na Yamaha, waliuza pikipiki zaidi ya milioni 3 kwa watu wao wenyewe mwaka 1982. Wakati huo viwanda hivyo viwili vilikuwa vikishindana vikali: bei ikashushwa, pikipiki za namna mpya zikatolewa bila kupumzika, na mabohari yakajaa zisizo na mnunuzi. Mwaka 1983 Yamaha walikubali kwamba wameshindwa. Siku hizi Japani haziuzwi hata nusu milioni kwa mwaka. Viwanda vyenyewe havikufa, kwa sababu viliuza nchi za nje. Mwenye duka wa Karatina hana nchi ya nje. Nchi yake ya nje ni skimu yako.

HESABU YA MWENYE DUKA

Yafaa uelewe shida yake, maana ukiielewa utajua kwa nini ana haraka.

Tuseme amekopa benki ili aweke pikipiki 20 dukani, kila moja Sh. 150,000. Hiyo ni Sh. 3,000,000. Tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Atalipa Sh. 540,000 kwa mwaka, yaani Sh. 45,000 kila mwezi, auze asiuze. Akiuza pikipiki 15 kwa mwezi, kila moja imebeba riba ya Sh. 3,000, nayo si nzito. Akiuza 5, kila moja imebeba Sh. 9,000. Na bado hajalipa kodi ya nyumba, mlinzi, wala vijana wa mlangoni.

Sasa afanye nini? Wenye akili wamegeuza kazi. Wameona kwamba zile pikipiki nyingi zilizouzwa mpaka 2021 bado zatembea, na kila moja yataka oili, plagi, breki, mataya na cheni. Faida ya cheni moja ni ndogo, lakini mwenye pikipiki hurudi tena na tena, naye mnunuzi wa pikipiki mpya hamwoni ila mara moja kwa miaka minne. Basi wameajiri fundi mzuri, wameweka spea halisi, na pikipiki mpya zimekuwa chache dukani. Wengine hutwaa kuukuu yako wakakupunguzia bei ya mpya, kisha huitengeneza ile kuukuu na kuiuza. Wengine wameona kwamba mkulima hataki kiti kirefu cha abiria, ila ataka chuma cha kubebea mitungi ya maziwa au magunia, wakamfungia chuma hicho kabla hajaomba. Katika tambarare ya Mwea na Nanyuki wengine wamejaribu kuuza pikipiki za magurudumu matatu. Watu hawa watadumu, nami ningependa wadumu, kwani bila wao tungefuata spea Nairobi.

Lakini kuna wengine ambao hawakugeuza kazi, wamegeuza maneno tu. Bei ni ile ile, ila malipo ya kwanza yamepunguzwa na siku za kulipa zimeongezwa. Mtu husikia "malipo ya kwanza ni madogo" akadhani pikipiki imekuwa rahisi. Haikuwa rahisi. Imekuwa ghali zaidi.

Nitakuonyesha kwa mfano. Si bei ya duka fulani. Ni mfano wa kukufundisha njia ya kuhesabu, nawe utatia bei utakayotajiwa. Pikipiki ni Sh. 170,000 kwa fedha taslimu. Kwa mkopo, malipo ya kwanza ni Sh. 20,000, kisha Sh. 3,000 kila wiki kwa wiki 78. Zidisha: 3,000 mara 78 ni Sh. 234,000. Ongeza yale 20,000, jumla ni Sh. 254,000. Umelipa Sh. 84,000 zaidi ya bei ya taslimu, karibu nusu ya pikipiki ya pili. Muuzaji hatakufanyia hesabu hiyo. Atakuambia tu, "Ni elfu tatu kwa wiki, mzee."

HESABU YAKO WEWE

Sasa tuje nyumbani. Mkulima ana ng'ombe watatu wa gredi, na maziwa yake huenda kwenye kituo cha chama kilicho kilomita sita. Kila asubuhi humlipa mwendeshaji Sh. 150. Kwa siku 30 ni Sh. 4,500. Mwanawe amwambia, "Baba, hizi fedha zapotea bure, tununue yetu." Maneno mazuri kuyasikia. Lakini malipo ya Sh. 3,000 kwa wiki ni Sh. 13,000 kwa mwezi, na petroli bado. Kwa maziwa ya boma moja pikipiki ya mkopo haina faida hata kidogo. Afadhali amlipe yule mwendeshaji, tena amshukuru.

Haya, tuseme wamekubaliana na majirani sita, kila mmoja atalipa Sh. 100 kwa siku. Hiyo ni Sh. 600 kwa siku, Sh. 18,000 kwa mwezi. Toa malipo ya mkopo Sh. 13,000, zabaki Sh. 5,000. Petroli lita moja kwa siku, tuseme Sh. 185, kwa mwezi ni Sh. 5,550. Tayari amepungukiwa Sh. 550, na hajatia oili, hajanunua taya, na kijana hajala. Ataanza kutafuta abiria baada ya kupeleka maziwa, na hapo atawakuta wale ishirini wa njia panda.

Ikiwa atanunua pikipiki iliyotumika, kwa mfano Sh. 90,000 taslimu, hesabu ni nyingine. Kutoka zile Sh. 18,000 atoe petroli Sh. 5,550 na atenge Sh. 2,450 za matengenezo, maana kuukuu hutaka fundi mara nyingi. Zabaki Sh. 10,000 kwa mwezi, na kwa miezi tisa fedha yake imerudi, iwapo kijana anakula nyumbani. Kwa njia hii naona pikipiki inafaa. Faida imetoka kwa majirani sita waliokubaliana mapema, wala haikutoka katika upya wa pikipiki. Kwa hiyo anza na majirani. Wakikataa, usinunue. Wakikubali, andikeni majina katika daftari pamoja na siku za kulipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimewasikia watu wakiuliza kama ni vizuri kuuza mtamba ili kupata malipo ya kwanza. Jibu langu ni fupi. Mtamba atazaa, na mwaka wa pili utakuwa na maziwa na ndama. Pikipiki ya mkopo mwaka wa pili ni kuukuu, na wiki za kulipa hazijaisha. Lakini mwenye majirani sita na njia ya maziwa iliyo hakika, naye ana mitamba mitatu na majani ya ng'ombe mmoja, huyo na auze mmoja.

Hati ya shamba ni jambo jingine kabisa. Usiiweke rehani kwa ajili ya pikipiki. Wengi wenu mlipata mashamba haya, au wazazi wenu waliyapata, baada ya mpango wa makazi ulioanza 1962, na madeni ya shamba yakalipwa kwa miaka mingi kwa pareto na maziwa. Kitu kinachoweza kuibiwa usiku mmoja kisidhaminiwe na shamba lililolipwa kwa muda mrefu hivyo. Kadhalika uangalie unapoombwa kuwa mdhamini wa mtoto wa ndugu yako. Mdhamini hulipa mwenzake akishindwa. Ukikubali, uwe umekubali moyoni kwamba huenda ukalipa wewe.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Usitie sahihi siku ile ile uliyoletewa karatasi. Ichukue nyumbani, mpe mtoto aliye shule ya sekondari aisome kwa sauti. Muuzaji akikataa karatasi isiondoke, basi amekwisha kukujibu. Tafuta ndani yake mambo haya: jumla ya fedha zote utakazolipa mpaka mwisho, faini ya kuchelewa, ni baada ya siku ngapi za kutolipa pikipiki yaweza kuchukuliwa, na zile ulizokwisha kulipa zinakuwaje ikichukuliwa. Uliza pia kama bima ya wizi imo au la. Watu wengi hapa hudhani imo, kumbe ni bima ya kugonga watu wengine tu, na pikipiki ikiibiwa deni hubaki pale pale.

Uliza pia juu ya logibuku, yaani hati ya mwenye pikipiki inayotolewa na NTSA. Kwa mkopo, jina la mwenye kukopesha huwa limo pamoja na lako mpaka umalize. Siku ukilipa wiki ya mwisho, dai jina lake liondolewe. Usiridhike na risiti.

Kwa pikipiki iliyotumika uangalifu ni mara mbili, maana sasa ziko nyingi zilizochukuliwa kwa walioshindwa kulipa, na bei yake yavutia. Nyingine ni nzuri kabisa. Soma namba ya injini na namba iliyopigwa kwenye chuma cha fremu, ulinganishe na logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona chuma kimekwaruzwa penye namba, ondoka. Ukodi fundi wako mwenyewe wa kuiangalia. Usikubali fundi wa muuzaji. Aiwashe ikiwa baridi asubuhi. Na ubadilishaji wa jina ufanywe siku ile ile unapotoa fedha, wote wawili mkiwapo. Kupewa ufunguo na ahadi ya "tutabadilisha wiki ijayo" si kununua.

Wengi wameniuliza juu ya pikipiki za umeme. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziondolea VAT, na makampuni kama Roam, Spiro na Ampersand yamezifanya zijulikane Nairobi. Hazitaki petroli wala oili ya injini, na hilo ni jema sana kwa mtu wa safari nyingi. Lakini Nairobi ina vituo vingi vya kubadilishia betri. Kabla hujavutwa na bei, uliza kituo kilicho karibu na shamba lako kiko wapi, kisha uipande ukiwa na mitungi miwili ya maziwa mpaka juu ya kilima cha kwenu, wala si kwenye lami ya mbele ya duka.

Neno moja kwa wazazi ambao vijana wao wameahidiwa kazi ya kuuza. Wenye maduka wanatafuta mawakala vijijini, na malipo ni kwa kila pikipiki atakayouza. Si kazi mbaya, na kijana mwenye maneno mazuri aweza kupata kitu. Aulize kwanza kama atalipwa mnunuzi akitoa malipo ya kwanza, au mpaka amalize wiki kadhaa. Na mnunuzi akishindwa, je, wakala atakatwa? Maana huyo wakala atauza kwa nani kwanza? Kwa rafiki zake, kwa mjomba wake, na kwa watu wa kanisa lake. Pikipiki zikichukuliwa, kampuni itaondoka, naye atabaki akikutana nao kila siku kwenye kituo cha maziwa.

Vyama vya maziwa vyaweza kufanya jambo ambalo mtu mmoja hawezi. Chama kikienda dukani kikasema, "Twataka pikipiki nne zenye vyuma vya mitungi, tutalipa taslimu," mwenye duka aliyekaa na pikipiki ishirini na riba juu yake atapunguza bei, tena atatoa matengenezo ya kwanza bure. Wakati huu ambao wanunuzi ni wachache ndio wakati wa kuuliza. Halmashauri ya chama ipeleke watu wawili katika maduka matatu, Nyeri, Karatina na Nanyuki, kila duka liandike bei yake kwenye karatasi yenye mhuri, na karatasi zote tatu zisomwe mbele ya wanachama kabla senti moja haijatolewa.